Beverly Hills haikujengwa na mastaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyochapa juu ya Beverly Hills, ile iliyomalizia kwa kuhimiza kwamba na sisi tutenge eneo nje ya Dar es Salaam, tuwajengee wasanii wetu “mji wa mastaa”. Picha zilipendeza. Lakini mwandishi wenu kaona mitende na magari, akarudi. Mimi mji huo naingia kwa basi karibu kila siku, kwa sababu ndiko kibarua changu kiliko: namtunza bibi mmoja wa miaka tisini na ushee. Kabla ya kuja huku nilifundisha Maarifa ya Jamii Muheza, na ualimu umeniachia mazoea mawili: kuangalia ramani, na kuuliza nani analipa.

Tuanze na ramani. Beverly Hills si Hollywood. Hollywood ni mtaa ndani ya jiji la Los Angeles. Beverly Hills ni manispaa inayojitegemea, yenye meya wake, polisi wake, zimamoto yake na shule zake. Los Angeles imeizunguka karibu pande zote, na kwa mashariki inapakana na West Hollywood. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 15. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 32,701. Kata ya Manzese peke yake inawashinda. Na studio zile kubwa hutazikuta humo. Warner na Disney wako Burbank, Sony wako Culver City, Paramount iko Hollywood. Kilichomo Beverly Hills ni ofisi: makao ya Academy inayotoa tuzo za Oscar (sherehe yenyewe hufanyika Hollywood), mawakala wa wasanii kama WME na UTA, waandaaji wa matamasha Live Nation. Tuzo za Golden Globe ndizo zinazotolewa humo, hoteli ya Beverly Hilton, tangu 1961; ni hoteli hiyo hiyo alikofia mwimbaji Whitney Houston Februari 2012. Kamera zinazunguka kwingine. Humu mikataba inatiwa saini, na wakala anachukua asilimia yake 10.

Sasa nani aliujenga? Makala inasema waigizaji. Hapana. Ardhi ile, baada ya Watongva ambao ndio wenyeji wake, ilikuwa ranchi ya mjane aliyeitwa María Rita Valdez, mjukuu wa Luis Quintero, mmoja wa waanzilishi wa Los Angeles mwaka 1781 na mtu mwenye asili ya Kiafrika. Ndiyo, Ndugu Mhariri, mwenye shamba alikuwa mwanamke mwenye damu yetu. Aliiuza mwaka 1854. Mwaka 1900 Burton Green na wenzake wakainunua wakitafuta mafuta. Walichimba, wakakuta maji. Mwaka 1906 wakageuza jina la kampuni na biashara yenyewe: Rodeo Land and Water, wauza viwanja na maji. Viwanja vikawa havitoki. Mwaka 1912 ikafunguliwa Beverly Hills Hotel katikati ya mashamba ya maharage ili watu waje, wale, walale, wanunue. Mji ukatangazwa rasmi 1914. Mwigizaji Douglas Fairbanks alinunua kibanda chake cha uwindaji kule mlimani mwaka 1919, na mwaka uliofuata yeye na mkewe, mwigizaji Mary Pickford, wakakigeuza kuwa Pickfair, jumba ambalo kila mwenye jina alitaka kualikwa. Wakati huo mabomba yalikuwa yameshatandazwa, barabara zimeshakatwa, na hoteli inauza chai. Mastaa walikuja kama wateja.

Kuna jambo makala haikuligusa kabisa, nami siwezi kuliruka. Hati za viwanja vya mwanzo zilikataza mtu asiye mzungu kumiliki au kuishi humo, isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Ardhi ileile ya mjukuu wa Quintero! Masharti ya namna hiyo yalipoteza nguvu mahakamani mwaka 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba serikali haiwezi kuyasimamia. Leo mambo ni tofauti: Wairani waliokuja baada ya mapinduzi ya 1979 ni wengi mno mjini, na mwaka 2007 mzaliwa wa Iran, Jimmy Delshad, alikuwa meya. Lakini asubuhi nikishuka kwenye basi la barabara ya Wilshire na kinamama wa Guatemala na wa Ufilipino, kila mmoja na mkoba wake wa chakula, huwa natazama waliovaa kama mimi wanaelekea upande gani, na huwa ni uleule. Majumba ya katikati ya mji yana vichochoro nyuma, ambako magari ya taka hupita na watunza bustani huingilia. Barabara za mbele zimepandwa miti kwa mpango, huu mtaa mitende, ule mijakaranda. Mashine za petroli za kupuliza majani zilipigwa marufuku tangu miaka ya 1970 kwa sababu ya kelele, na tangu 2021 dukani huuziwi sigara. Mji wa kanuni, huo.

Ila mastaa wana sifa moja ya kweli, nayo ndiyo ningependa wasomaji waijue. Kufika 1923 maji ya kampuni hayakutosha, na kampuni ikashauri mji ujiunge na Los Angeles, iliyokuwa na maji ya kuvuta kutoka Bonde la Owens tangu 1913. Pickford, Fairbanks, Will Rogers, Harold Lloyd, Rudolph Valentino na wenzao wakazunguka kuomba kura za kukataa. Wakashinda. Mnara wao upo hadi leo pale barabara za Olympic na Beverly Drive zinapokutana, mkanda wa filamu wa shaba uliojizungusha, nao wamechorwa chini yake wakiwa katika mavazi ya uigizaji. Walichotetea ni mpaka, maana ndani ya mpaka kodi inabaki kwao, shule zinabaki kwao, na kila ruhusa ya ujenzi inaamuliwa na majirani. (Maji hawakuwa nayo ya kutosha hata hivyo. Mwaka 1928 mji uliingia katika ushirika wa miji inayonunua maji kwa jumla, na mpaka sasa sehemu kubwa ya maji yake hutoka huko.) Kwa hiyo anayetaka kuiga Beverly Hills ajue anachoiga ni mpaka. Sioni mpaka wa namna hiyo utamsaidiaje kijana anayeigiza Bongo Movie na kupanga chumba Sinza.

Bibi ninayemtunza hakuwa staa. Ujanani alipata vipande vidogo vya televisheni: muuguzi, karani, jirani anayegonga mlango. Marehemu mumewe alikuwa fundi sauti. Wanayo nyumba ya kawaida tu kusini mwa Wilshire, waliyonunua kabla ya 1978, na hilo ni la maana, kwa sababu mwaka huo wapiga kura wa California walipitisha sheria inayokadiria kodi ya nyumba kwa bei iliyonunuliwa, na makadirio hayaruhusiwi kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Aliyenunua mwaka jana analipa mlima wa fedha. Bibi analipa kidogo. Posta ikifika namfungulia bahasha. Nyingine zina hundi kwa sababu kipindi alichoonekana dakika mbili kimerudiwa mahali fulani duniani. Kuna hundi isiyofika nauli yangu ya basi, dola 1.75, naye hucheka na kuidai vilevile. Kubwa ni pensheni.

Hayo hayakuletwa na ukarimu. Mwaka 1960 waigizaji waligoma, rais wa chama chao akiwa Ronald Reagan, huyo huyo aliyekuja kuongoza nchi, wakapata malipo kwa filamu mpya zitakazoonyeshwa kwenye televisheni, na mfuko wa pensheni na matibabu. Mwaka 2023 wakagoma tena, waandishi kuanzia Mei na waigizaji kuanzia Julai hadi Novemba, safari hii kwa ajili ya malipo ya filamu za mtandaoni na hofu ya akili mnemba kuchukua sura zao. Mtaa ninaoishi, Koreatown, wapo wapambaji na madereva wa studio waliokaa miezi bila kazi. Ulikuwa mwaka mgumu. Wengi wao hata hivyo walisimama na waliogoma, kwa sababu wanajua hundi ya marudio inakotoka.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, badala ya kumtuma mwandishi apige picha nyingine za majumba, mtumeni kwenye vituo vyetu vya televisheni. Tunayo sheria ya hakimiliki ya 1999 na tunayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Aulize jambo moja: filamu iliyopigwa miaka kumi na mitano iliyopita ikirushwa leo usiku, aliyeigiza mama mkwe analipwa nini, kwa mkataba upi, na nani anaweka daftari? Aulize na watayarishaji, kisha awaulize waigizaji wenyewe, hasa wale wazee ambao hamuwapigi picha tena. Majibu yachapeni ukurasa wa mbele, pale pale yalipokaa yale majumba.

Wako,
Mwalimu wa zamani wa Muheza,
Koreatown, Los Angeles