Orodha za vitabu vya watoto zisipangwe kwa darasa

Mhariri,

Kila likizo ndefu ikikaribia, magazeti huchapa orodha za vitabu vya watoto. Ni jambo jema, ila nyingi humpa mzazi jina la kitabu na "Darasa la 4", basi. Watoto wa darasa moja hupishana mno: mmoja anamaliza kurasa 60 jioni moja, mwenzake bado anafuata silabi kwa kidole. Kitabu kilichonunuliwa kwa kufuata darasa mara nyingi huishia kabatini.

Wengi wanakijua kipimo cha vidole vitano: mtoto anasoma ukurasa wa katikati na kukunja kidole kila akikwama. Vikikunjwa vyote kabla ukurasa haujaisha, kitabu ni kizito. Kwa Kiswahili kipimo hicho peke yake hudanganya. Maneno yetu husomwa yalivyoandikwa, hivyo mtoto aliyezishika silabi atatamka "alighilibiwa" bila kusita na asijue huyo mtu katendwa nini. Akishasoma ukurasa, funga kitabu, mwambie asimulie: nani, alifanya nini, kwa nini. Akijibu mawili ya kwanza na kushindwa la tatu, kisomeni pamoja. Akishindwa yote, tafuta chepesi zaidi, na usimkaripie.

Tusihesabu maneno ya ukurasa kama wafanyavyo kwa vitabu vya Kiingereza. "Hawakutusikiliza" ni neno moja lenye silabi 8, na ndani yake wamo watendaji, watendwa, wakati na ukanushi. Kwa anayeanza, tafuta sentensi za maneno matatu au manne, mengi yake yawe ya silabi mbili au tatu. Herufi ziwe za ukubwa wa pointi 16 hadi 18, zikae kwenye karatasi nyeupe, si juu ya picha yenye giza. Picha nayo ilingane na maneno. Mbuzi aliyechorwa pale hadithi inapomtaja kondoo humpoteza mtoto anayekisia neno kwa kutazama picha.

Asiye na fedha ya kununua anaweza kuingia kwenye tovuti ya African Storybook. Hadithi za Kiswahili zipo bure, zimepangwa kwa ngazi 5, na leseni yake inaruhusu kuzichapa. Mzazi azipitie kwanza, kwani ubora wa tafsiri haulingani.

Wanaosahauliwa zaidi ni wa miaka 12 hadi 15. Vya picha wanaviona vya kitoto, na orodha zinawarundikia vitabu vya mtihani. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo ni riwaya nzuri, lakini kijana anayejua ataulizwa habari zake atakisoma huku akiwinda dhamira na sifa za wahusika. Likizo apewe kisichoulizwa. Anayependa mafumbo aanze na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, chenye mpelelezi Bwana Msa. Kijana wa bara atasumbuliwa na msamiati wa Unguja kurasa za mwanzo, na hapo ndipo wengi hukitupa. Msomeeni sura ya kwanza kwa sauti. Akishaingia kwenye kisa, ataendelea mwenyewe.

Ombi langu kwa gazeti: kila kitabu kinachopendekezwa kiandikiwe mwandishi, mchapishaji, idadi ya kurasa, bei na mji kinakopatikana. Wekeni pia sentensi tatu za ukurasa wake wa kwanza, ili mzazi amjaribu mtoto nyumbani kabla hajatoa nauli ya kwenda dukani. Kama ndani mna kifo, kipigo au mapenzi, semeni wazi, mzazi aamue. Semeni pia kimefungwaje. Cha pini mbili huachia kurasa za katikati kikishapita mikono michache, na cha gundi hupasuka mgongo kikilazimishwa kulala wazi. Kwa maktaba ya shule, kilichoshonwa kwa uzi ni nafuu hata bei ikizidi kidogo.

Na kila mwezi waachieni vijana nafasi ya maneno 80 wapendekezeane wenyewe, wakitaja na ukurasa ambapo hadithi iliwachosha, kama ipo.

Mkutubi wa shule,
Morogoro