"Wewe ni wa redio gani?" Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wetu

Ndugu Afisa Michezo,

Shikamoo. Jina la halmashauri silitaji. Aliyekuwepo langoni Jumapili ile ameshaijua.

Ilikuwa nusu fainali ya kombe la kata. Nilifika na simu mbili, stendi, pawabenki, na maiki niliyoivika soksi ya mtoto, kwa sababu upepo wa ziwa ukishaanza alasiri, maiki tupu inasikika kama mtu anakupepetea dagaa sikioni. Mlinzi akapekua begi, akaigeuzageuza kadi yangu, akauliza: "Wewe ni wa redio gani?" Nikamjibu sina redio, nina chaneli ya mtandaoni. "Basi kata tiketi ukakae na mashabiki."

Nikakata. Nikapanda juu ya mawe nyuma ya goli (Mwanza hatukosi jukwaa la mawe) na mechi nikairushia huko. Ndugu yangu mwenye kadi ya redio aliingia bure, akakaa kivulini, akapiga picha mbili na kuondoka kabla ya mapumziko. Simlaumu. Jioni ile Simba walikuwa wanacheza, na hiyo ndiyo mechi ambayo bosi wake angemuuliza.

Swali la mlinzi nalielewa, maana nimekulia ndani yake. Redio Free Africa ilipoanza kurusha kutoka hapa Mwanza miaka ya 1990, sisi tulikuwa watoto wa kutumwa betri dukani ili wazee wasikose mpira. Mtu wa mpira alikuwa mtu wa redio, au wa gazeti lililotoka Dar. Hakukuwa na wa tatu.

Lakini hebu tuwaangalie Pamba, timu yetu ya hapa Mwanza. Walishuka daraja mwaka 2001, wakarudi Ligi Kuu 2024. Katika miaka hiyo 23, ni nani aliyekuwa akiwaandika wiki kwa wiki? Mbao nao, wa hapa hapa Mwanza, mwaka 2017 walifika fainali ya Kombe la FA kule Dodoma, Simba wakawafunga 2-1, na nchi nzima ikalijua jina lao. Wakashuka 2020. Wewe muulize mpenzi wa mpira yeyote wa Dar leo Mbao wako wapi, uone atakavyokuna kichwa.

Najua utaniambia habari ya haki za matangazo. Azam wenye televisheni na TFF, shirikisho letu la mpira, walisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kwa Ligi Kuu, na aliyelima ndiye avune. Vijana wanaoiba picha za televisheni na kuzirusha kwenye kurasa zao wakifungiwa, mimi silii. Ila kombe la kata halijanunuliwa na mtu. Mechi za mabinti pale shule ya msingi hakuna aliyezipigania kwenye zabuni. Huko ndiko tuliko.

Siku ile pale juu ya mawe, waliokuwa wakinitazama wangeenea kwenye daladala mbili. Mmoja alikuwa mama mmoja wa Nansio, Ukerewe, anayeuza samaki na ambaye hajawahi kumwona mwanawe akicheza hata dakika moja. Mwanawe alifunga dakika ya sabini na kitu. Mama akaandika: "Huyo ni wangu, rudisha nyuma." Sasa laivu nairudishaje nyuma? Nikasubiri filimbi ya mwisho, nikakata kipande cha goli, nikamtumia. Bando langu likaishia hapo.

Na aibu yangu ni kwamba nilipotangaza lile goli sikujua jina la mfungaji. Nilisema "yule mwenye raba nyekundu". Orodha ya vikosi anapewa aliye na kadi ya redio, na aliondoka nayo mfukoni.

Sitajifanya kwamba sisi wa simu ni malaika. Wapo wanaopokea bahasha ya kiongozi wa timu na kugeuka chawa wake. Wapo ambao kila dakika tano wanakatiza mpira kuwauzia watoto wa shule mikeka ya kubeti. Mimi mwenyewe niliwahi kutangaza kwamba kipa wetu amesajiliwa Bukoba, kumbe amekwenda msibani. Gazetini kuna mhariri wa kukuuliza "nani amekwambia?" Mhariri wangu mimi ni mke wangu, na mpira haupendi.

Kwa hiyo siombi lango lifunguliwe holela. Tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, serikali yenyewe inatambua kwamba kuna watu wa habari wasio na redio wala gazeti, na inawataka wawe na leseni. Leseni ninayo. Iweje nitambulike kwa kulipa ada, halafu langoni nisitambulike?

Andaa daftari. Anayetaka kurusha mechi ajiandikishe siku mbili kabla: jina, namba ya leseni, chaneli. Mpe kizibao chenye namba na nafasi kando ya mstari upande ambao jua haliingii kwenye lenzi, na orodha ya vikosi, hata iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Akitukana, akichochea vurugu au akiuza mikeka, mvue kizibao mbele ya watu, ukianza na mimi. Kwa upande wetu, tutakuletea nakala ya kila mechi kwenye flashi. Siku mnachagua timu ya mkoa mtakuwa na cha kutazama badala ya kupigiana simu kuulizana nani anamjua beki mzuri.

Fainali ni Jumamosi, saa kumi. Nitafika langoni saa nane na ile soksi yangu. Tafadhali mwambie mlinzi. Na yule kijana mwenye raba nyekundu, kama unalo jina lake, nitumie mapema. Mama yake ameshaniuliza mara tatu kama safari hii nitalitaja.

Wako,
Mrusha mechi wa Igoma