Nani hasa hana akili?

Mhariri,

Nimewasoma kimya miaka 11, lakini ile ripoti yenu ya wanunuzi "wasio na akili" imenishinda. Mmeandika kana kwamba wanauchumi wamegundua juzi kuwa wanunuzi hawachagui kwa hesabu. Mwanauchumi Mfaransa Maurice Allais aliwaonyesha tangu 1953 kuwa watu hawachagui kama inavyotaka nadharia ya uchumi ya mtu mwenye akili timamu, na Mmarekani Herbert Simon alipata Nobel ya uchumi mwaka 1978 baada ya kusema miaka nenda rudi kwamba mtu hutafuta kinachotosha, akishakipata anakwenda zake.

Kinachoniudhi ni lawama. Nadharia inasema nikipenda hiki kuliko kile, na kile kuliko cha tatu, basi lazima nipende hiki kuliko cha tatu, tena nisiyumbe hata swali likigeuzwa. Masharti hayo waliyatunga wenyewe ili hesabu zao zitoke. Mtu asipoyatimiza, mbovu ni yeye! Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwauliza watu: ungeendesha gari dakika 20 hadi duka jingine ili kuokoa dola 5? Kwenye kikokotoo cha dola 15, asilimia 68 walikubali. Kilipokuwa cha dola 125, asilimia 29 tu. Dola ni zilezile, nakubali. Ila kuzidishiwa dola 5 kwenye kitu cha 15 kunanuka wizi, na pua hiyo ya mnunuzi mimi siiiti ujinga.

Nami simo nje. Nimefundisha uchumi maisha yangu yote ya kazi. Siku moja niliandika ubaoni kwamba pesa iliyokwisha kutumika isikuamulie la kesho, huku nimesimama mguu mmoja nyuma ya meza, kidole kidogo kimefungwa plasta. Viatu vilinibana tangu siku ya kwanza, lakini vilikuwa ghali. Nilivivaa miaka minne.

Halafu kuna hizi huduma za kulipia kila mwezi kwenye simu. Kujiunga ni mguso mmoja. Kujitoa nikaulizwa mara nne kama nina hakika. "Baki" limeandikwa kwa herufi nono za kijani, "Ondoka" la kijivu nimelitafuta kwa miwani. Aliyechora kitufe kile anatujua kuliko mwandishi wenu. Huyo mbona hamkumgusa?

Napendekeza mwandishi wenu asimame kwenye foleni ya malipo Jumamosi jioni, mtoto analia, chaji ya simu imebaki asilimia 3, apange mapendeleo yake yote toka la kwanza hadi la mwisho bila kujipinga. Akiweza, aje achukue viatu. Bado vimo kwenye boksi chini ya kitanda, namba 42.

Mwalimu mstaafu wa uchumi