Shukrani kwa fundi wa maabara ya kompyuta

Mwaka wa masomo unaishia, maonyesho ya miradi yetu yako mlangoni, umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo. Diski ya seva ya idara ikaanza kukwaruza, na kazi zetu zote zimo humo. Kaka mmoja, fundi wa maabara, hakungoja kikao. Aliizima palepale isizidi kuumia, akaichomoa, akaiunganisha na kompyuta nyingine aliyoiwasha kwa Linux, mfumo endeshi, iliyo kwenye flashi, akaendesha ddrescue, programu inayonakili kwanza sehemu zinazosomeka, kisha kuzirudia zilizogoma. Alikesha nayo. Asubuhi akatukabidhi faili, akatufundisha Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, ili kila mmoja awe na nakala kamili kwake. Hata soda alikataa. Kaka, asante sana. Mafundi wa vyuo vingine, wekeni maabarani flashi kama ile.