Kabla ya mfumo mwingine wa ramani, tukubaliane kwanza Mkwajuni ni ipi

Ndugu Mhariri,

Bila shaka unaikumbuka habari mliyoitoa ukurasa wa mbele wiki iliyopita, yenye picha ya waheshimiwa wamesimama hotelini mbele ya skrini kubwa, kwamba sasa Dar es Salaam inapata mfumo wa kisasa wa ramani za afya na magonjwa ya mlipuko yatadhibitiwa kidijitali. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Bei mlipandisha, nikanyamaza. Chemshabongo mkaitoa na majibu yasiyoingia kwenye visanduku, nikanyamaza. Hili limenishinda.

Skrini sina ugomvi nayo. Nimekula mshahara wa kuchora ramani mpaka nikastaafu, na kompyuta ziliponikuta kazini nilizipokea vizuri tu. Kinachoniudhi ni kwamba pale hotelini hakuna aliyeuliza, na mwandishi wenu naye hakuuliza, kama hizo ramani zitakazomiminwa kwenye mfumo zinaelewana zenyewe kwa zenyewe. Watu wa afya wana orodha yao ya mitaa. Watu wa maji wana yao, wa umeme wana yao, sensa ina maeneo yake ya kuhesabia, na postikodi nazo zipo. Kila ofisi inaita jiji hilihili kwa majina yake na kulikata kwa kisu chake.

Nitoe la kwangu. Masika ya mwaka jana, hapa kwetu Kigogo, Mkwajuni, watoto walianza kuharisha na kutapika, wa kwanza akiwa wa mpangaji wa nyumba iliyo nyuma yangu. Mama yake alimkimbiza zahanati usiku kwa bajaji. Akaulizwa anatoka wapi, akajibu Mkwajuni, Kinondoni. Ni kweli, kata yetu iko wilaya ya Kinondoni. Aliyeshika kalamu akaandika hivyohivyo, kwa sababu fomu ina mstari mmoja wa makazi na mwingine wa jina la mjumbe, basi. Timu ya dawa ya maji ikatumwa, ikaenda Mkwajuni nyingine ya Kinondoni: ile yenye kituo cha mabasi ya mwendokasi, njia ya Morocco. Wakagawa vidonge vya klorini nyumba kwa nyumba kwa watu wasiokuwa na hata tumbo la kukata, waliopokea kwa shukrani. Sisi tukaendelea kunywa maji yetu. Na geti langu lina kibao, Mhariri! Kina jina la barabara na namba ya nyumba. Tulipewa mwaka 2022 kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi, kabla ya sensa ya Agosti 23, tukaambiwa kuanzia sasa huduma zote zitatukuta mlangoni. Sensa ilitukuta, ikahesabu watu 5,383,728 mkoa mzima. Vidonge havikutukuta, maana fomu ya zahanati haina pa kuandika namba ya kibao.

Walipokuja kufika kwetu, mtoto akiwa amesharudi nyumbani, salama, Mungu ni mwema, walikuwa na kijana mwenye kishikwambi aliyetakiwa kuchukua maji ya kisima tunachochota wote, kile chenye mfuniko wa bati lililopigwa misumari kwenye fremu ya mlango wa zamani. Kijana akasimama kando ya kisima, akabonyeza, akanyanyua uso, akabonyeza tena. "Mzee, shikamoo. Hapa si Kigogo." Nikamwuliza ni wapi basi. "Inasema tuko ng'ambo ya mto, upande wa Ilala." Nikamsogelea nikavaa miwani. Ile nukta ya bluu, ambayo ndiyo sisi, ilikuwa mahali pake sawasawa. Ila mstari wa mto Msimbazi ulipita kaskazini yetu, juu ya mapaa ya watu, wakati Msimbazi wenyewe tunauona kusini pale bondeni, umejaa mifuko na chupa. Mfumo ukakataa kusajili kisima kisicho cha kata iliyomtuma. Chupa ya sampuli ikarudi kwenye sanduku ikiwa tupu, kijana akaomba radhi, akaondoka.

Aliyewahi kufanya kazi na ramani za zamani za nchi hii angeujua ugonjwa huo bila kipimo. Karatasi zile za 1:50,000 zilijengwa juu ya mfumo wa koodineti, yaani namba za kutaja kila mahali palipo, uitwao Arc 1960. Simu na vishikwambi vinafuata mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua mto na mipaka ya kata kwenye karatasi ya zamani ukaibandika kwenye kishikwambi bila kuigeuza, vyote vinahamia kaskazini karibu mita 300. Huko porini hakuna atakayeshtuka. Kigogo, mita 300 ni halmashauri nyingine na bwana afya mwingine. Kugeuza kwenyewe ni kazi ya dakika chache, mradi aliyetoa ramani ameandika imejengwa kwa mfumo upi, nani alipima na lini. Hata namna ya kuandika maelezo hayo haitakiwi kubuniwa: kiwango cha kimataifa cha ISO 19115 kipo tangu 2003. Kuna na Open Geospatial Consortium, iliyoanzishwa 1994, inayokutanisha taasisi za dunia zikubaliane jinsi ramani ya ofisi moja itakavyofunguka kwenye kompyuta ya ofisi nyingine. Viwango vyao vinapakuliwa bure. Labda ndiyo sababu havizungumzwi, maana cha bure hakina zabuni.

Mwandishi wenu alimtaja daktari John Snow wa London, kama ilivyo desturi ya kila semina ya ramani na afya. Alichokiacha ndicho kilichofanya kazi. Mwaka 1854 kipindupindu kilipopiga Soho, Snow alichukua kutoka ofisi ya usajili orodha ya vifo 83, kila kifo na anwani yake, akatembea mlango kwa mlango mpaka akaona karibu vyote vinazunguka bomba la Broad Street. Mpini wa bomba ukang'olewa Septemba 8. Broad Street ya msajili na Broad Street ya daktari zilikuwa barabara moja. Mpeni Snow orodha yetu iliyoandikwa "Mkwajuni, karibu na msikiti" muone kama angeng'oa hata msumari.

Wala hatuna haja ya kwenda London. Mwaka 2004 mradi wa malaria wa jiji hili ulipoanza kutafuta viluwiluwi vya mbu katika kata 15, vijana wa mitaani walichora kwa mkono ramani za mashina ya nyumba kumi, kiwanja kwa kiwanja, zikalinganishwa na picha za anga ili pasibaki dimbwi lisilo na mwenyewe. Mwaka 2015 mradi wa kuchora ramani uitwao Ramani Huria ukawaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi mabondeni, wakapima nyumba na mitaro, na kazi yao iko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, kwa yeyote anayeitaka. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, kipindupindu kikaanzia Kinondoni. Lakini ile ilikuwa Kinondoni yenye Ubungo tumboni, kabla haijakatwa kuwa wilaya. Anayelinganisha Kinondoni ya 2015 na ya leo bila kulijua hilo atatangaza ushindi ambao umeletwa na mchora mipaka.

Na kabla sijaweka kalamu chini, wanaotapisha vyoo mfumo umewapangia rangi gani? Kila mvua kubwa ikianza tu, usiku wa manane, unasikia nyundo: mtu anatoboa ukuta wa shimo lake ili mvua isafishe akiba ya mwaka mzima kuelekea kwa jirani wa chini. Anaokoa hela ya gari la majitaka. Asubuhi kinyesi kiko kwenye vibaraza vya watu na watoto wanakiruka wakienda shule, na mhusika anafagia kwake akiitikia salamu kana kwamba hajui harufu inatoka wapi. Kila mtu anamjua, mjumbe anamjua, mwenyekiti wa mtaa anamjua, na kisima chetu kiko mteremko wa kwake. Hapa hakuna haja ya setilaiti, inatakiwa faini. Lakini faini nayo inaandikwa kwa anwani, na vile vibao vya anwani, kwa taarifa yenu, vimeshaanza kung'olewa kuuzwa chuma chakavu.

Pendekezo langu ni dogo. Kikao kijacho kihamishwe hotelini kije ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye mabenchi yale ya mbao, saa saba mchana. Kila ofisi ilete ramani yake kwenye flashi, ziwekwe zote juu ya skrini moja. Ofisi ambayo Kigogo yake haitalala juu ya Kigogo ya wenzake isilipwe posho wala nauli, na sambusa zake wapewe watoto wa mtaani. Fomu ya zahanati iongezwe visanduku viwili, cha postikodi yenye tarakimu 5 na cha namba ya nyumba. Mstari wa mjumbe ubaki, wetu ni mtu mwema. Na ramani isiyoandikwa mfumo wake wa koodineti, mpimaji na tarehe isifunguliwe kabisa, hata kama imeletwa na mheshimiwa. Mimi nitakuja na rula yangu, kwa gharama yangu.

Mchoraji ramani mstaafu,
Kigogo, Dar es Salaam