Barua ya wazi kwa Balozi wetu London: kuhusu chumba cha michoro katika chuo alichosoma Sam Ntiro

Kwako Mheshimiwa Balozi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania nchini Uingereza,

Yah: Ombi la kuwafungulia walimu na wanafunzi wa sanaa mlango wa makumbusho ya sanaa ya UCL

Mheshimiwa Balozi, nakuandikia kutoka Moshi, ninakofundisha Sanaa za Ufundi katika shule ya sekondari. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu ombi lililomo ni la walimu wengi wa somo hili, nami ni mmoja tu kati yao niliyejaliwa kufika London na kukiona ninachokiombea.

Katika mtaa wa Gower, ndani ya jengo kuu la chuo kikuu cha University College London (UCL), kuna makumbusho madogo ya sanaa ambayo mtu asiyeelekezwa anaweza kuupita mlango wake bila habari. Ni chumba, wala si kasri, lakini kinatunza kazi zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa michoro ya mkono na picha za chapa, yaani zilizochapwa karatasini kutoka kwenye bamba au ubao uliochorwa. Mkusanyo huo ulianza mwaka 1847, chuo kilipopokea michoro na vielelezo vya plasta vya mchongaji John Flaxman. Mwaka 1872 uliongezewa hazina ya mwanahistoria George Grote, mmoja wa waasisi wa chuo, na mwaka 1900 ukaongezewa ile ya mkusanyaji wa sanaa Henry Vaughan. Ndiyo maana leo mwanafunzi anaweza kuketi humo akatazama chapa za Dürer wa Ujerumani na za Rembrandt wa Uholanzi, wachoraji mashuhuri wa kale, si kwenye kitabu, bali karatasi zenyewe zilizotoka chini ya shinikizo la mashine ya kuchapia.

Naomba nikueleze nilichokiona, maana ndicho kiini cha barua hii. Kwa miaka mingi nilimfundisha Rembrandt kwa kutumia fotokopi. Kila nakala iliyotolewa kutoka kwenye nakala nyingine ilizidi kuwa nyeusi, mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu alichorea gizani?" Sikuwa na la kumjibu. Nilipofika kwenye chumba kile, mhudumu aliniomba niweke kalamu ya wino pembeni, akanipa penseli, kisha akaniwekea mezani karatasi moja iliyozungushiwa kadi nene. Niliinamisha kichwa hadi usawa wa meza, nikaona alama ya bamba la shaba ilivyobonyea pande zote nne za karatasi, na wino ukiwa umesimama juu ya karatasi kama darizi kwenye kofia ya mkono. Pale fundi alipokwaruza shaba kwa ncha kavu ya chuma, yale makombo madogo ya madini yaliyobaki kandokando ya mstari yalikuwa yameshika wino na kutoa weusi laini kama masizi ya chungu. Makombo hayo husagika haraka kila bamba linapopita mashinini, hivyo chapa ya mwanzo na chapa ya baadaye za bamba lilelile hazifanani. Giza lile lilikuwa limepangwa kwa mkono, na ndani yake mlikuwa na watu, ukuta na mwanga wa mshumaa. Fotokopi yangu ilikuwa imevifuta vyote.

Mheshimiwa, chuo hicho si kigeni kwetu. Shule yake ya sanaa, iitwayo Slade, ilifunguliwa mwaka 1871 kwa urithi wa Felix Slade, na tangu mwanzo iliwapokea wanawake sawa na wanaume. Mmoja wa waliopita hapo ni Margaret Trowell, ambaye baadaye alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere. Kwake alisoma kijana wa Machame, Sam Ntiro, ambaye naye alikwenda Slade mwaka 1952. Ntiro huyo ndiye aliyeteuliwa mwaka 1961 kuiwakilisha Tanganyika huru mjini London, katika kiti unachokikalia wewe leo. Sisi wa Kilimanjaro tunamkumbuka kwa picha zake za migomba, mavuno na watu wakifanya kazi kwa pamoja. Kusoma kwa Waingereza hakukumfanya aache kuchora kwao.

Nalisema hili kwa sababu najua wapo watakaouliza mtoto wa Kitanzania ana haja gani na michoro ya Wazungu waliokufa karne kadhaa zilizopita. Jibu langu ni la kifundi. Kuchora kwenye bamba na kuchapa ni kazi ya mikono, na mikono yetu imeshaifanya: Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, msanii wetu George Lilanga alichora mashetani wake kwenye mabamba, yakachapwa karatasini. Mwanafunzi anayetaka kuifuata njia hiyo anahitaji kuona mstari uliokatwa vizuri unavyokaa kwenye karatasi, naye hawezi kuliona hilo kwenye simu.

Ombi langu lina gharama ndogo. Naomba ofisi yako iuandikie uongozi wa makumbusho hayo na kukubaliana nao siku moja katika kila mwaka wa masomo, ambapo walimu na wanafunzi wa Kitanzania walioko Uingereza, wawe wanasoma sanaa au la, watawekewa mezani kazi chache na kufafanuliwa jinsi zilivyotengenezwa. Pamoja na hilo, na hili ndilo ninalolililia zaidi, naomba zipatikane picha safi za chapa kama ishirini hivi, zilizopigwa kwa ukubwa wa kazi zenyewe, ambazo vyuo vyetu vya ualimu vitaruhusiwa kuchapisha na kugawa. Dürer alifariki mwaka 1528 na Rembrandt mwaka 1669, kwa hiyo hakuna mrithi wa kudai hakimiliki juu ya michoro yao. Kinachohitajika ni idhini ya kutumia picha zitakazopigwa, na barua yenye muhuri wa ubalozi itasikilizwa kuliko barua ya mwalimu wa sekondari.

Niko tayari kuandaa orodha ya kazi zinazofaa kwa mtaala wetu na maelezo yake kwa Kiswahili, bila malipo. Ninachoomba ni kwamba barua hiyo iandikwe mapema. Karatasi za umri huo huharibiwa na mwanga, hivyo hukaa ukutani kwa muda mfupi tu kisha hurudishwa kwenye masanduku yake, na anayetaka kuonyeshwa kazi fulani hana budi kuitaja na kuiombea nafasi kabla hajafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Sanaa za Ufundi,
Moshi, Kilimanjaro