Upepo umegeuka

Grand Rapids, Michigan
Septemba

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wote hapo Igombe. Sisi wazima. Watoto wamefungua shule na baridi ya alfajiri imeanza kuuma masikio. Nimetoka ziwani asubuhi hii, na kabla usingizi haujanizidi nikujibu ulichoniuliza kwenye simu: samoni wa huku anavuliwaje?

Anavuliwa kwa upepo. Ziwa Michigan liko magharibi yetu. Upepo wa magharibi ukivuma siku mbili tatu, unayarundika ufukweni maji ya juu yenye joto, na samoni, ambaye hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13, anabaki kinani. Wenye mashua humfuata huko kwa mishipi iliyozamishwa na matufe ya risasi. Sisi wa gatini tunarudi mikono mitupu. Lakini upepo ukitoka nchi kavu, maji ya joto husukumwa kwenda katikati ya ziwa, na ya baridi hupanda kutoka chini kushika nafasi yake. Juzi maji ya Grand Haven, ufukweni ninapovulia, yalikuwa nyuzi 20. Usiku kucha ukapuliza wa mashariki, na leo alfajiri kipimajoto changu kikaonyesha 11.

Kwetu maji ya chini yakipanda tunaogopa. Unakumbuka asubuhi ile tulipokuta sangara wanaelea wamekufa, wazee wakasema ziwa limegeuka? Maji ya chini ya Victoria hukosa hewa. Ya huku yana baridi na hewa tele, kwa hiyo yakipanda, samaki huja nayo.

Saa kumi alfajiri nilikuwa gatini. Chambo chenyewe ni kipande cha bati mfano wa kijiko, kimepakwa rangi inayokunywa mwanga: unakimulika kwa tochi, kisha unakirusha kikiwaka gizani. Niliziwaza karabai zetu na dagaa wa siku za giza, nikakutamani uwe pembeni yangu. Mara mshipi ukakimbia! Baba Neema, nilishikilia kwa dakika kama ishirini, mzee mmoja akanisaidia kumkinga kwa wavu. Dume la kilo tisa, aina ya Chinook. Ngozi imeanza kugeuka kahawia, kwa sababu msimu wake wa kuzaliana umefika, na hataki kula tena. Anasubiri mdomoni mwa mto apande, azaliane, afe. Ndoana anaiuma kwa hasira tu. Nyama yake imeshapauka, kwa hiyo nitamkausha kwa moshi.

Si mwenyeji huyu. Mwaka 1966 walipandikizwa samoni wa aina ya coho, mayai yao yakitoka Oregon, na 1967 wakafuata Chinook, ili wawale vidagaa wa baharini waliokuwa wamelijaza ziwa na kufa marundo kwa marundo fukweni. Nikisikia habari hiyo namfikiria sangara, naye aliyepandikizwa, na furu wetu wengi aliowamaliza, na moyo unakuwa mzito. Sasa vidagaa hao nao wamepungua, na kwenye Ziwa Huron la jirani walipotoweka, Chinook wakaanguka nao. Naomba yasifike huku.

Usihofu juu ya usalama wangu. Tarehe 23 Septemba 1967 watu walikimbilia samoni hao wapya kwa viboti vidogo upande wa Frankfort. Dhoruba ikawakuta, saba wakafa. Nikiona mawimbi yanapanda juu ya gati, narudi nyumbani hata kama samaki wanaruka mbele ya macho yangu.

Niandikie dagaa wanaendeleaje na kama injini imepona. Utabiri unasema upepo wa mashariki utakaa mpaka Alhamisi, kwa hiyo kesho saa kumi nitakuwa pale pale.

Rafiki yako,
Baba Imani